Makao ya Wafu katika Milima ya Upare

Suji iko milimani katika Wilaya ya Same, mkoani Kilimanjaro, juu ya Makanya na barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Arusha. Huko hakuna kampuni ya mazishi wala ukumbi wa kukodi wa kuagia maiti. Nyumba ya mtu ndiyo inayofanya kazi hiyo. Mwili hulazwa sebuleni, maturubai hufungwa uani, mafiga hupangwa nyuma ya jiko, na kaburi huchimbwa hatua chache kutoka ukutani, kati ya migomba na mibuni. Ndiyo maana historia ya nyumba za Suji na historia ya mazishi yake ni historia moja. Ndani yake mna swali ambalo mila na dini zilizopita hapo zimelijibu kwa namna zinazopingana: je, aliyekufa anahitaji makao? Na kama anayahitaji, deni hilo ni la nani?

Jibu la kwanza, la kabla ya misheni, halikuwa na utata. Kwa Wapare wa zamani, kuzika kulikuwa nusu ya kazi. Mzee aliyeacha watoto alizikwa karibu na nyumba yake, na baada ya muda, mwili ulipokwisha kuoza, kaburi lilifukuliwa na fuvu likatolewa. Fuvu hilo lilitiwa katika chungu, au likafunikwa kwa chungu, likapelekwa pangoni, chini ya mwamba au ndani ya kichaka cha ukoo, na kuwekwa pamoja na ya waliotangulia. Katika Upare ya Kaskazini, ambayo leo ni Wilaya ya Mwanga, vichaka hivyo huitwa mpungi, na ni tofauti na mshitu, yaani msitu wa jando. Ng’ambo ya mpaka Wataita, ambao wana mengi ya pamoja na Wapare kwa asili na desturi, walifanya vivyo hivyo, na mapango yenye safu za mafuvu yangalipo katika vilima vya Taita upande wa Wundanyi.

Mbele ya mafuvu watu walitambika. Dengelua, pombe ya miwa, ilimwagwa, mnyama akachinjwa, majina yakatajwa kwa mfuatano, kisha shida ikaelezwa kama mtu anavyomweleza baba yake aliyeketi mlangoni: mvua imechelewa, mke hashiki mimba, mifugo inakufa. Miti ya mahali hapo haikukatwa, wala kuni hazikuokotwa ovyo. Kwa sababu hiyo vichaka vingi vya matambiko vilibaki kuwa vipande vya msitu wa asili katikati ya mashamba, na wataalamu wa mimea wa siku hizi huvipenda kuliko hata wenyewe.

Chungu kilikuwa nyumba ya pili ya mzee. Ya kwanza, ya miti na nyasi, haikuweza kudumu vizazi viwili. Mchwa na mvua za vuli viliihukumu mapema. Ndiyo sababu mtu anayetafuta majengo ya kale ya Wapare katika milima hii atapata machache sana. Kilichokusudiwa kudumu ni mwamba, chungu na mti, na hivyo vilitengwa kwa ajili ya wafu. Walio hai waliridhika na nyumba za kujengwa upya kila baada ya miaka michache.

John Mbiti, mwanatheolojia wa Kenya, katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, aliwaita wafu wa namna hii wafu walio hai. Maadamu yupo mtu anayewakumbuka kwa jina, wangali watu wa nyumba ile. Akishakufa wa mwisho aliyewajua, huzama katika umati wa pepo wasio na jina. Maelezo hayo yanafaa Upare, ila yanahitaji nyongeza. Kumbukumbu haikuachiwa kichwa peke yake. Fuvu lilikuwa na mahali pake, na kijana aliyefuatana na wazee kwenda kutambika alijifunza nasaba kwa macho kabla ya kuijua kwa mdomo. Isaria Kimambo, mwanahistoria mzaliwa wa Upare, alitegemea sana simulizi za koo katika historia yake ya siasa ya Wapare kuanzia yapata mwaka 1500 hadi 1900. Simulizi za namna hiyo hudumu kwa sababu zina mahali pa kurudiwa na siku za kurudiwa.

Makao hayo hayakuwa ya kila mtu, na hapa sifa za mila ya zamani lazima zipunguzwe. Mtu aliyekufa bila mtoto hakuwa na wa kumfukua. Huko Mbaga, upande mwingine wa milima ya Same, unasimama mwamba wa Malameni, ambako inasimuliwa kwamba watoto waliozaliwa na dalili za mkosi walitolewa wafe, na kwamba desturi hiyo ilikoma katika miaka ya 1930. Miongoni mwa dalili zilizoogopwa ni mtoto kutanguliza meno ya juu. Mtoto kama huyo hakuwekwa kwenye chungu wala jina lake halikutajwa. Ukoo ulijenga nyumba ya wafu wake kwa kuchagua ni nani awe wake, na wengine waliachwa nje kwa makusudi.

Mwaka 1903 wamisionari wawili wa Kiadventista waliotumwa kutoka Ujerumani, Johannes Ehlers na Abraham Enns, walifungua kituo Giti, katika Mamba ya Upare Kusini, wakakiita Friedenstal, yaani bonde la amani. Hicho ndicho kituo cha kwanza cha Waadventista Wasabato katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Suji ilifuata na kuwa mojawapo ya ngome za kanisa hilo milimani, yenye kanisa na shule. Walutheri wa Misheni ya Leipzig walikuwa wamekwisha kuingia Upare ya Kaskazini, Shigatini, mwaka 1900, na baadaye wakafika Gonja na Mbaga.

Wamisionari wawili wa kipindi hicho waliandika sana juu ya wafu wa Wapare. Jakob Dannholz, Mlutheri wa Mbaga, alitoa kitabu chake mwaka 1916. Ernst Kotz, Msabato aliyekwisha kuandika sarufi ya Chasu, lugha ya Wapare, mwaka 1909, alitoa chake mwaka 1922. Jina la kitabu cha Dannholz lilimwonyesha Mpare amefungwa na imani ya mizimu. La Kotz lilimwonyesha amefungwa na hofu. Walichokiona kilikuwapo kweli. Mtu aliyeamini kwamba babu aliyesahauliwa anaweza kuua ng’ombe hakulala usingizi mtulivu, na gharama ya matambiko iliweza kuifilisi nyumba. Lakini hofu ilikuwa upande mmoja tu. Mila ile ilikuwa imefunga pamoja mambo mawili. La kwanza ni dai kuhusu ulimwengu: kwamba wafu wanajua, wanakasirika na wanatenda. La pili ni dai kuhusu ukoo: kwamba mtu wetu hawezi kukosa mahali. Wamisionari walilipiga la kwanza wakidhani la pili litaanguka pamoja nalo.

Hakuna Wakristo waliolipiga la kwanza kwa nguvu kama Wasabato. Mlutheri au Mkatoliki humwambia mfiwa kwamba roho ya marehemu iko kwa Mungu, na hivyo humwachia wafu walio macho mahali fulani, ingawa si pangoni. Msabato hafanyi hivyo. Kwa mafundisho yake, mtu hana roho inayoishi peke yake baada ya mwili. Kifo ni usingizi usio na ndoto hadi siku ya ufufuo, na wafu hawajui neno lolote, kama Mhubiri alivyoandika katika Agano la Kale. Anayejitokeza kwa jina la babu, awe katika ndoto au kwa mganga, si babu. Ni pepo mchafu aliyejivika sura yake. Fundisho hilo lilikata mzizi wa tambiko mara moja. Dengelua nayo ilipigwa marufuku kwa sababu nyingine, maana Msabato hanywi pombe. Kwa hiyo aliyetaka kutambika kwa siri alijikuta na makosa mawili badala ya moja.

Kwa mantiki ya fundisho hilo, mahali pa kaburi si kitu. Asiyejua neno lolote hajui amelala Suji au Kinondoni, Dar es Salaam. Epikuro wa Ugiriki, aliyefundisha zaidi ya karne tatu kabla ya Kanisa kuwapo, alikuwa na hoja iliyo karibu: tukiwapo kifo hakipo, na kifo kikiwapo sisi hatupo. Ila yeye hakungoja ufufuo. Sokrate naye, Kritoni alipomwuliza azikweje, alimjibu kwa utani kwamba amzike apendavyo, kama ataweza kumkamata. Kwa watu wa namna hiyo kaburi ni shauri la usafi wa mji tu.

Wasabato wa Suji hawakuifuata mantiki hiyo. Watu wa milima hii wametawanyika tangu enzi za mashamba ya mkonge, kisha kwa ualimu, biashara na kazi za ofisi: Tanga, Moshi, Arusha, Dar es Salaam. Akifariki mmoja wao, mwili husafirishwa zaidi ya kilomita 400 kutoka Dar es Salaam, hupelekwa hadi gari linapoweza kufika, kisha vijana hupokezana jeneza mabegani kwenye njia za miguu. Jokofu la mochwari limebadilisha mengi. Zamani maiti alizikwa siku hiyo au kesho yake, na aliyekuwa mbali alilia huko alikokuwa. Leo msiba husubiri watoto wafike, kamati iketi, michango ipatikane na gari likodishwe. Ratiba hupangwa pia kwa kuitazama Sabato, inayoanza jua linapotua Ijumaa, kwa kuwa kwa kawaida Wasabato hawaziki siku hiyo. Jumapili ndiyo hubeba makaburi mengi.

Inapofika hapo, sherehe ina sura mbili. Kanisa linashika neno, wimbo na sala, na mahubiri hurudi mara kwa mara kwenye asubuhi ya ufufuo. Ukoo unashika nyumba. Makande huchemka kwenye masufuria ambayo mtu mzima angeweza kuketi ndani, wanaume huota moto nje usiku kucha, wanawake hulala kwenye mikeka sebuleni. Mezani karibu na lango huketi mtu mwenye daftari la rambirambi, akiandika jina na kiasi, jina na kiasi, na daftari hilo hutunzwa, kwa sababu msiba mwingine ukitokea ndilo litakaloonyesha nani alimfaa nani. Kisha husomwa wasifu wa marehemu: alizaliwa wapi, wazazi wake ni nani, alibatizwa lini, ameacha watoto na wajukuu wangapi. Aliyezoea tambiko la zamani angetambua mpangilio wa majina. Tofauti ni kwamba sasa hasemeshwi marehemu. Wanaosikiliza ni walio hai.

Maandiko yenyewe yaliwasaidia watu kushika sehemu hii. Kitabu cha Mwanzo kinasimulia jinsi Ibrahimu, mgeni nchini, alivyokataa kupewa kaburi bure akanunua pango la Makpela kwa shekeli 400 za fedha ili amzike Sara. Yeye mwenyewe, Isaka na Yakobo walizikwa humohumo, na Yakobo alibebwa kutoka Misri kwa ajili hiyo. Yosefu aliapisha ndugu zake wasiiache mifupa yake ugenini. Kwa msikilizaji wa Kipare, ambaye babu zake walikuwa pangoni pamoja kwa mfuatano, habari hiyo haikuhitaji mfasiri. Mmisionari aliyemkataza kwenda pangoni ndiye aliyemletea kitabu chenye pango la ukoo katika kurasa zake za mwanzo.

Swali kama hili lilimfikia Agostino, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, yapata mwaka 421. Paulino wa Nola alimwuliza kama inamfaa marehemu kuzikwa karibu na kaburi la mtakatifu. Agostino alijibu kwamba mazishi mazuri ni faraja ya walio hai kuliko msaada kwa waliokufa. Hata hivyo mwili haufai kudharauliwa, kwa kuwa ulikuwa chombo cha mtu. Mahali pana faida moja tu: hukumbusha watu kumwombea aliyelala pale. Jibu hilo linamfikisha Msabato wa Suji nusu ya njia. Yeye hamwombei marehemu, kwa hiyo faida ya mwisho haipo. Kinachobaki ni hiki: kaburi lililo uani hukumbusha walio hai kwamba wao ni wa nyumba moja, na kwamba wanatarajia kuamka pamoja mahali pamoja. Hoja hiyo haimhitaji marehemu ajue lolote. Deni linabaki kuwa la walio hai, na linaweza kudaiwa hata kama mdai amelala fofofo. Kwa maoni ya makala haya, hilo ndilo dai la pili la mila ya kale, likiwa limetenganishwa na la kwanza na kuthibitika kwamba lilikuwa na miguu yake lenyewe.

Hatari ya dai hilo ilionekana wazi Kenya. Wakili Silvano Melea Otieno alifariki Nairobi tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika shambani kwao karibu na Ngong. Ukoo wa Umira Kager ulidai azikwe Nyalgunga, Siaya, alikozaliwa. Mahakamani palijadiliwa kwa kirefu kama nyumba aliyojijengea mtu mjini yaweza kuhesabiwa kuwa kwao, na Profesa Henry Odera Oruka wa falsafa, Chuo Kikuu cha Nairobi, aliitwa kutoa ushahidi. Ukoo ulishinda. Otieno alizikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987, siku 154 baada ya kufa. Makao yanapokuwa haki ya ukoo badala ya wajibu wake, mjane hugeuka mgeni kwenye msiba wa mumewe. Wapare wana usemi wa Waswahili wote mdomoni, kwamba mkataa kwao ni mtumwa. Lakini kwao ni wapi, hilo usemi hausemi.

Katika Suji jibu huonekana kwenye matofali. Mtu wa mjini mwenye uwezo hujenga kijijini: ukuta wa saruji, bati la rangi, vigae sebuleni, madirisha ya vioo. Hulala humo wiki mbili za Desemba, ndugu wote wanapopanda mlima, na nyumba hufungwa mpaka mwaka mwingine. Majirani hawaioni kuwa ni ubadhirifu. Nyumba hiyo ina sebule kwa sababu siku moja jeneza litawekwa pale, na ina ua mpana kwa sababu maturubai yatahitaji nafasi. Mwenye nyumba akifa, kaburi lake, nalo la vigae, hukaa pembeni. Linapokuwapo kaburi, kiwanja ni vigumu kuuzwa, na mgogoro wa mpaka ukitokea, kaburi husimama kama shahidi. Ardhi ya milimani ni finyu, na kila mazishi ya uani hula sehemu ya shamba ambalo wajukuu watagawana.

Serikali nayo ina kipimo chake cha nyumba ya kale. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda moja kwa moja majengo na vitu vya kabla ya 1863. Majengo ya baadaye huhitaji kutangazwa. Kwa kipimo hicho hakuna nyumba ya misheni Upare inayoingia, maana ya zamani kabisa ni ya 1900 au karibu na hapo. Nyumba aliyoishi Dannholz huko Mbaga imedumu kwa kuwa nyumba ya wageni wanaokuja kupanda milima. Vyungu vya mafuvu huenda vingi ni vya kabla ya mwaka huo, lakini havina tarehe, na wenye koo ambao sasa ni wazee wa kanisa hawana hamu ya kuvipeleka kwenye orodha ya serikali. Wengine wameviacha mahali pake bila kuvigusa, wala kuvitambikia wala kuvivunja.

Kuna mafuvu ambayo hayakuachwa. Wakati wa utawala wa Wajerumani maelfu ya mafuvu yalikusanywa kutoka makoloni na kupelekwa Berlin kwa daktari Felix von Luschan na wenzake, mengi yakichukuliwa makaburini na katika sehemu za matambiko. Uchunguzi wa taasisi ya makumbusho ya Berlin juu ya mafuvu zaidi ya 1,100 ya Afrika Mashariki ulionyesha kwamba 202 yanatoka Tanzania ya leo. Mwaka 2023 taasisi hiyo ilitangaza kuwa vipimo vya vinasaba vimewapata ndugu walio hai wa baadhi yao katika Mkoa wa Kilimanjaro. Mmoja alikuwa akida wa Mangi Meli, mtawala wa Old Moshi aliyenyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900. Familia ya Meli imedai fuvu lake kwa miaka mingi. Wengi wa wanaodai ni Wakristo, na kiini cha madai yao si kwamba mvua itanyesha mafuvu yakirudi. Wanachodai ni kwamba mtu wao arudishwe kwao azikwe.